Kazi kubwa na mtoto mdogo: mambo ya kupanga mapema, kutoka kwa dada yenu wa Tanga

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu mmoja pale ofisini alinivuta mkono mpaka stoo ya mafaili akafunga mlango, akaniambia dada nina mimba ya miezi minne na juzi tu wamenipandisha cheo, sasa nafanyaje, nikimwambia bosi si watanirudisha nilikotoka. Akaanza kulia. Nikajikumbuka mimi miaka tisa nyuma, mhasibu mdogo, mtihani wa CPA, ule wa kunithibitisha uhasibu, uko mbele, tumbo linakua na hakuna anayejua isipokuwa mume wangu. Siku ile nilimjibu kwa kifupi maana simu zilikuwa zinaita, kwahiyo naandika hapa kwa kirefu, kwa ajili yake na kwa wengine mlioko Tanga, Bagamoyo, Muheza, popote pale, mnaozipenda kazi zenu na mnazipenda nyumba zenu na hamtaki kuambiwa mchague kimoja.

Kuna jambo nilichelewa sana kulielewa. Nilidhani kubalansi kazi na familia ni suala la nguvu, yaani mwanamke akiwa shupavu anaamka saa kumi alfajiri, anapika, anafua, anawahi ofisini, anarudi anakagua madaftari ya shule, halafu usiku anafungua laptop. Nilikwenda hivyo karibu mwaka mzima na nikaishia kitandani nina dripu mkononi. Sasa hivi najua kwamba kazi na nyumba vinakaa sawa pale watu waliokuzunguka wanapojua nani anafanya nini, saa ngapi, na yeye asipoweza nani anashika. Na hayo yote lazima yasemwe kwa mdomo kabla shida haijaingia. Yasiposemwa, kila kilichobaki kinamwangukia mama. Wala si kwamba kuna mtu kakusudia kukuonea, ni kwamba nyumbani kazi isiyo na mwenyewe huwa ya mama.

Anza na ofisini, kwa barua

Mdogo wangu alikuwa anaogopa bosi, lakini hajawahi hata siku moja kusoma sheria inasema nini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inatumika Tanzania Bara (Zanzibar wana ya kwao), inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na ukijifungua mapacha au zaidi ni siku 100. Unatakiwa utoe taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Likizo unaweza kuianza wiki 4 kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi kama daktari ataona kuna sababu. Ukimaliza unarudi kwenye ajira yako kwa masharti yale yale uliyoyaacha, na ujauzito hauwezi kuwa sababu halali ya kukufukuza. Halafu kuna hiki ambacho wengi hawakijui, miezi 2 kabla ya kujifungua na miezi 2 baada ya kujifungua hutakiwi kupangiwa kazi za usiku.

Kwahiyo barua ipeleke mapema, usisubiri tumbo likutangaze. Andika tarehe unayotarajia kuanza likizo, tarehe ya kurudi, na kurasa mbili tatu za makabidhiano: kazi zako ni zipi, ripoti gani inatoka tarehe ngapi, faili liko wapi, nani aulizwe nini. Hizo kurasa za makabidhiano ndo zinazobadilisha uso wa bosi, naongea kwa niliyoyaona. Bosi akiona barua tupu anaona pengo, lakini akiiona na mpango wake anaona mtu mzima anayejua kazi. Bakiza kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiitupe, weka nyumbani.

Nawaambia hivi kwasababu mimi kopi sikubakiza. Ofisi niliyokuwepo wakati ule, wiki ya tano baada ya kujifungua walinipigia simu kwamba wakaguzi wanakuja, njoo siku mbili tu. Nikaenda. Sheria inasema hurudi kazini ndani ya wiki 6 tangu ujifungue mpaka daktari athibitishe kwamba unaweza, lakini sikuijua, na hata ningeijua sidhani kama ningekuwa na ujasiri wa kuitaja. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki masaa manane, maziwa yakalowanisha blauzi mpaka nikajifunika mtandio, na zile siku mbili zikawa wiki. Sitaki mwanamke mwingine apitie hiyo. Ukipigiwa simu ya namna ile jibu kwa upole kwamba daktari hajaniruhusu bado, tarehe yangu ya kurudi ni hii, na mtu fulani ana makabidhiano. Ikifika mahali pa kuachishwa kazi, CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inapokea malalamiko ndani ya siku 30 tangu uachishwe, kwahiyo usikae nyumbani unalia mwezi mzima mpaka mda ukakupita.

Yale masaa mawili ya kunyonyesha

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe ndani ya saa za kazi, mpaka jumla ya masaa 2 kwa siku. Wengi tunayaacha yapotee kwasababu hatujui yatumikeje. Hapa ndo nashukuru kuishi Tanga. Mwenzangu wa Dar akitoka ofisini saa sita kwenda kunyonyesha atafika nyumbani mtoto ameshaanza kutambaa, ila sisi ukiwa unafanya kazi Chumbageni na unaishi Makorora au Ngamiani, bajaji ni dakika kumi, kumi na tano. Nilikubaliana na bosi mpya kwa maandishi: natoka saa sita kamili narudi saa saba, halafu jioni natoka lisaa limoja kabla ya wenzangu. Dereva wa bajaji nilimchagua mmoja tu, nikawa namlipa kwa wiki, na mpaka leo ndo anampeleka mtoto shule. Wengine wanapenda kuingia kazini lisaa limoja baada ya wenzao na kutoka lisaa limoja kabla yao, nayo ni sawa kabisa. Muhimu iandikwe, maana bosi anaweza kuhamishwa na anayekuja asijue chochote.

Kama kazi yako iko mbali, tuseme unaishi mjini na kiwanda kiko Pongwe, basi jifunze kukamua. Anza kujizoesha wiki mbili tatu kabla ya kurudi kazini, usingoje Jumapili ya mwisho. Unanawa mikono na sabuni, chombo umekichemsha, unakamua kwa mkono au kwa pampu. Maziwa hayo yanakaa mpaka masaa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, sasa jamani mwezi wa pili Tanga chumba gani kina nyuzi 25 bila AC? Usiyaache mezani. Weka kwenye fuko la chakula lenye barafu au kile kideli kidogo cha kutunzia ubaridi, ukifika nyumbani yanaingia kwenye friji, hapo yanakaa mpaka siku 4, na kwenye friza miezi. Kila chupa iandike tarehe. Wakati wa kumpa mtoto usiyachemshe jikoni, chupa inawekwa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu mpaka yapoe ubaridi. Mwoneshe anayebaki na mtoto kwa vitendo, mara mbili, halafu na yeye akuoneshe. Mimi nilielekeza kwa mdomo tu, siku ya kwanza nimerudi nakuta maziwa ya siku nzima yamechemshwa kwenye sufuria kama ya ng'ombe. Binti wa watu alikuwa anajitahidi kuwa msafi, kosa lilikuwa langu.

Dada wa kazi

Hapa nitakaa kidogo maana naona ndo kiini cha mambo yote na ndo tunapokosea kuliko kwingine.

Tunasema tuna kazi kubwa, tunadai haki zetu ofisini, halafu nyumbani tuna binti anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, hana siku ya kupumzika, mshahara anapewa ukikumbuka. Kisha tunashangaa kaondoka alfajiri na bodaboda bila kuaga, na wewe saa mbili una kikao. Dada zangu, yule binti ni mfanyakazi na sheria ya kazi inamhusu kama inavyokuhusu wewe. Ana haki ya likizo ya mwaka ya siku 28, ana haki ya mapumziko ya wiki, na kima cha chini cha mshahara wake kinatajwa kwenye amri ya mishahara ya serikali, itafute ile ya sasa uisome. Na tafadhali sana usiletewe mtoto. Bado kuna watu wanashusha watoto pale stendi ya Kange kutoka Lushoto, Handeni, Korogwe, kabinti ka miaka kumi na mbili eti kaje kulea. Sheria inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na hata huyo wa 14 ni kazi nyepesi tu isiyomzuia shule, na kulea kichanga kutwa peke yako si kazi nyepesi. Mtoto hawezi kulea mtoto. Tafuta mtu mzima.

Mimi na dada wangu wa sasa tulikaa mkekani tukaandika kwenye daftari la kawaida. Mshahara kiasi gani na tarehe ngapi (tarehe ile ile ninayopokea mimi, sihamishi). Jumapili ni yake, anatoka saa mbili asubuhi anarudi jioni, na akiamua kulala tu ndani simgongei mlango. Kazi yake ni mtoto na chakula, kufua mashuka ni mimi na baba mwenye nyumba wikiendi. Saa mbili usiku kazi imekwisha hata kama vyombo vipo kwenye beseni. Simu yake anakuwa nayo. Akiumwa natibu mimi. Tukasaini wote wawili, naye kasaini jina lake kamili kwa herufi kubwa, na nilimuona anavyolitazama lile daftari. Yuko na mimi mwaka wa nne sasa. Mwaka jana akaniomba ajifunze cherehani jioni mara tatu kwa wiki, tukapanga upya masaa, nikawa natoka ofisini mapema kidogo siku hizo. Ndiyo ilinigharimu. Lakini kwa miaka minne sijawahi kukosa kikao kwasababu ya dada kuondoka, na mwanangu anamjua mtu mmoja, hajabadilishiwa mlezi kila baada ya miezi mitatu kama nguo.

Na mume

Nitasema wazi, neno "kunisaidia" tulilitoa nyumbani kwetu. Anayesaidia anaweza kuacha siku akichoka. Tuligawana kazi nzima nzima, kila moja na mwenyewe. Yeye alichukua shule na chuo cha Quran: ada, sare, vikao vya wazazi, usafiri, juzuu, kuongea na ustadhi. Mimi nikachukua kliniki, chakula na bajeti ya mwezi. Kazi nzima maana yake ni pamoja na kuikumbuka. Kama wewe ndo unamkumbusha kwamba kesho kuna kikao cha wazazi basi bado hujaigawa, umemtuma tu.

Sehemu ngumu ni kunyamaza. Wiki ya kwanza mtoto alikwenda shule na soksi moja nyeupe na nyingine ya kijivu, viatu havijapigwa rangi. Nilimuona anapanda bajaji, mkono uko kwenye geti, ulimi unaniwasha. Nikanyamaza. Ijumaa ile baba mtu mwenyewe alikwenda Soko la Mgandini akanunua soksi jozi sita za rangi moja. Ningesema kitu siku ile, zile soksi zingekuwa kazi yangu mpaka leo.

Mtoto akizaliwa mume naye ana likizo, angalau siku 3 zenye malipo, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ni chache mno, najua. Basi aunganishe na za likizo yake ya mwaka, mpange mapema. Akae nyumbani zile wiki za mwanzo ajue mtoto anaogeshwaje, maana baba aliyezoea kumuogesha mtoto wa siku kumi hatakuja kukwambia hajui kumlisha wa mwaka mmoja.

Mama mkwe na shughuli za mjini

Mama mkwe wangu siku moja aliniambia, mwanangu, mtoto halelewi kwa simu. Iliniuma usiku kucha. Asubuhi nikaenda kwake Mabawa na mkate wa kumimina, nikamsalimia shikamoo mama, nikakaa chini, nikamuuliza, mama, ungekuwa mimi ungefanyaje. Aliongea saa nzima. Ikatoka kwamba hakuwa na tatizo na kazi yangu kabisa, alikuwa anataka kumuona mjukuu na hajui aombe vipi bila kuonekana anaingilia. Tukakubaliana Jumatano mchana mtoto anakuwa kwake, na dada anapata nusu siku ya kupumua. Kila mwezi namtumia hela ya mboga, siiti mshahara, ingekuwa matusi, ila haikosi. Wazee wa kwetu hawapendi kupangiwa lakini wakiulizwa wanatoa moyo wao wote, kwahiyo uliza.

Shughuli sasa. Tanga tunapenda shughuli, ndoa, maulidi, arobaini, kumtoa mtoto, na kila moja ina sare yake na mchango wake. Ukikubali zote huna wikiendi, ukikataa zote unaambiwa unaringa na kazi yako, halafu siku ukifiwa utaona. Mimi msiba naenda, hata kama ni nusu saa na gauni la ofisini, najifunga kanga juu naingia jikoni nakatakata vitunguu. Shughuli ya furaha naenda ya ndugu na jirani wa karibu, nyingine natuma mchango kwa simu siku ile ile na nampigia mwenye shughuli mimi mwenyewe, sitoi udhuru wa uongo, namwambia shoga yangu Jumamosi ni siku ya mwanangu. Wanaelewa. Na mchezo wa kijumbe nacheza mmoja tu, mwezi wangu nauomba uangukie Januari wakati wa ada.

Chakula kifupi tu: Jumamosi alfajiri nashuka Deep Sea nanunua samaki wa wiki, wanasafishwa pale pale, nawagawa kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja naweka friza. Maharage nachemsha ya siku tatu. Tui nakamua siku ya kupika, tui la jana huwa linanisumbua.

Kusoma na kupanda cheo

Hapa nina ushauri ambao wengine hawataupenda. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu inayotoa hiyo CPA, ni Mei na Novemba. Mwanangu alizaliwa Agosti na mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kukaa Novemba ile ile kwasababu wenzangu wote tuliomaliza nao chuo walikuwa wanakaa. Sikufaulu, na mtoto wa miezi mitatu naye hakunipata vizuri. Ningeahirisha mpaka Mei nisingepoteza chochote. Mwaka wenye kichanga ni mwaka wa kushikilia ulichonacho, usiwe mwaka wa kuanza digrii ya pili na kujenga kwa pamoja. Rais Samia alianza kazi ya ukarani Zanzibar mwaka 1977, akaolewa mwaka uliofuata, akapata watoto wanne, akaendelea kusoma kwa vipande vipande miaka mingi, na shahada ya uzamili akaipata mwaka 2015 akiwa mtu mzima kabisa, kupitia Chuo Kikuu Huria kikishirikiana na chuo kimoja cha Marekani. Chuo Huria hicho kina kituo hapa Tanga. Hakiendi popote, kitakusubiri.

Ila kusubiri mwaka mmoja usikugeuze kuwa kukaa kimya. Ukirudi kutoka likizo, ndani ya mwezi wa kwanza omba kikao na bosi, mwambie bado nataka ile nafasi, nipe kazi hii nioneshe. Usipomwambia mtu, wanakaa wenyewe wanaamua kwamba fulani sasa ana mtoto, tusimsumbue, na wanaona wamekufanyia huruma. Safari za kikazi usikatae moja kwa moja, omba tarehe wiki mbili kabla ujipange. Na mwisho wa mwezi tunapofunga vitabu nyumbani wanajua kabisa kwamba siku tatu nachelewa, ipo kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, mtoto mwenyewe anasema leo mama ni nyekundu. Siku zilizobaki saa kumi na nusu mimi nimetoka, simu ya kazi naiweka juu ya kabati mpaka mtoto alale. Kuna waliosema sina moyo wa kazi. Walinyamaza walipoona ripoti zangu hazichelewi.

Siku kila kitu kinapovunjika

Itakuja. Mtoto ana homa, dada amekwenda kwao msibani, mume yuko Dodoma, wewe una wakaguzi. Sheria inakupa siku chache zenye malipo mtoto akiumwa, angalau 4 katika mzunguko wa likizo (yaani kile kipindi ambacho siku hizo zinahesabiwa), kwahiyo usizimalize kwa mafua. Kuwa na majina mawili yameandikwa kwenye mlango wa friji, watu walioshakubali kabla, waliowahi kubaki na mtoto angalau mara moja mkiwa na amani. Kwangu ni mama mkwe na jirani yangu mwalimu wa zamu ya mchana. Na mimi ni jina kwenye friji lake, nilishawahi kuacha ofisi saa tano kumpeleka mwanae hospitali ya Bombo. Kadi za kliniki na za bima ziko kwenye mfuko mmoja uliotundikwa nyuma ya mlango, yeyote anaweza kuuchukua akatoka.

Mdogo wangu barua yake kaipeleka Alhamisi. Bosi kasoma, kauliza maswali mawili kuhusu ripoti ya Septemba, kasaini, cheo kiko pale pale. Kopi yenye muhuri aliniletea niione, nikamwambia ukaiweke nyumbani. Sasa anatafuta dada wa kazi, mtu mzima, na daftari ameshanunua.